Tanuru la Bibi Rozina

Mashine ya kusaga haikuwa imeharibika. Hellena aliisikia ikinguruma tangu alipokata kona ya kanisa, debe la mahindi kichwani, na akaisikia ikizimwa alipoingia tu uani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walianza kutazama ndani ya ndoo zao, kana kwamba humo kulikuwa na jambo jipya la kutazama.

"Mkanda, mama Herieth," Wilibrodi mwenye mashine alisema. Unga ulikuwa umempaka weupe hadi kwenye kope. "Mkanda umekatika."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi hivi."

"Na hawa wenzangu wanasubiri nini?"

Wilibrodi alijifuta uso kwa kiwiko. "Wanasubiri fundi."

Hakuna aliyecheka. Monika, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa katikati ya foleni. Siku nyingine angeinama kidogo na kupiga makofi yale ya taratibu, kama Wafipa wanavyosalimiana, na Hellena angemjibu kwa makofi yake hata kama ana mzigo kichwani, ilimradi viganja vikutane. Leo mikono ya Monika ilibaki imeshika pindo la kitenge.

"Adela anaendeleaje, mama?" Hellena aliuliza.

"Kamuulize mkweo," Monika alisema bila kuinua macho. "Yeye ndiye anayejua alimpeleka wapi."

Hellena akageuka na debe lake kichwani. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, ule unaokausha midomo mpaka inapasuka, na vumbi la njia lilimwingia machoni, jambo ambalo lilimfaa, maana lilimpa sababu ya kuyafuta. Hakuwa amefika kwenye kona ya kanisa mashine ilipoanza kunguruma tena.

*

Bibi Rozina, mkwe wake Hellena, hakujua kusoma hata jina lake, lakini katika Mtaa wa Matanuru, huku pembeni ya Malangali ambako nyumba za mji zinachanganyika na mashamba, hakuna aliyependa vitabu kama yeye. Tena vitabu vya watoto. Mjukuu wake Herieth, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa akiazima kwa mwalimu wake, Mwalimu Sauda, vile vitabu vyembamba vya hadithi za mizimu, vyenye picha za milango iliyoachwa wazi kidogo na giza nyuma yake. Mchana, Hellena akiwa sokoni na nyanya zake, Herieth alitoka shule akaenda moja kwa moja shambani kumsomea bibi yake huku bibi akikata vichwa vya ulezi. Pakifika pa kutisha, Bibi Rozina alijifunika uso kwa khanga. Halafu alichungulia kwa jicho moja na kusema, "Rudia hapo. Hapo alipogusa kitasa."

Jioni hadithi zilihamia uani. Watoto wa jirani walikuja kwa makundi, wakakaa kuzunguka lundo la mahindi, na Bibi akawasimulia huku wote wakipukuchua. Gunia lilijaa bila mtu kuhisi kidole kinauma. Hellena alisikilizia jikoni, mwiko mkononi, na zaidi ya mara moja ugali uliungua kwa sababu mzimu ulikuwa umefika mlangoni.

Ile hadithi ya mwisho hata yeye ilimsimamisha nywele. Bibi Rozina alikuwa anarudi kuokota kuni, alisema, akapita kwenye tanuru lile la kale lililo mwisho wa shamba lao, lile la udongo, refu kuliko mtu, ambamo mababu waliyeyushia chuma cha majembe. Akasikia mivukuto ya wafua chuma. Fuu. Fuu. Tanuru lisilowashwa tangu babu yake hajazaliwa lilikuwa linapumua. Akasogea. Mdomo wa tanuru ulikuwa mwekundu kwa ndani, na mkono mweusi kama mkaa ulikuwa ukitoka taratibu, kiganja juu. Sauti ikasema, "Nipe..."

Hapo Bibi alinyamaza, akachukua kikombe chake cha togwa, akanywa polepole, kwa makusudi. Watoto walishikana. Ila Adela wa Monika, mwenye miaka minane, hakungoja. Alitoka mbio, akakata kona, akaanguka kwenye mtaro. Kesho yake alikuwa na homa kali, na katika homa ile alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Nipe, nipe."

Zahanati walimpima, wakasema ni malaria, wakatoa dawa.

"Malaria haisemi 'nipe'," Monika aliwaambia wanawake wenzake kisimani.

Ikatosha. Kufikia mwisho wa juma habari ilikuwa imekomaa. Kwamba Bibi Rozina mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watoto wote, alikiri anaongea na wafu kwenye tanuru. Kwamba huwa anapewa amri ya kuleta kitu. Kwamba watoto wa watu wanampukuchulia magunia bila malipo, huku wanacheka, na ni mtoto gani wa siku hizi anayefanya kazi huku anacheka? Hao ni misukule tayari, imebaki kuwachukua.

*

Beda, mume wa Hellena, alirudi kutoka kwenye maghala ya nafaka mjini, ambako alikuwa akibeba magunia, mabega yake yakiwa bado meupe kwa vumbi la mahindi. Hakukaa. Alisimama kwenye kizingiti akiwa na kofia mkononi kama mgeni.

"Mwenyekiti kanisimamisha njiani," alisema. "Jumamosi lambalamba wanakuja."

Herieth aliacha kupepeta maharage. Hata watoto walijua lambalamba ni nani: wale waganga wanaozunguka kufichua wachawi, wanaonyoa watu vichwa, wanaochanja chale na kupaka dawa, kisha wanachimba sakafu za nyumba mpaka watoe pembe ambayo, watu walinong'ona, waliingia nayo wenyewe.

"Serikali si imewakataza?" Hellena aliuliza.

"Serikali haiishi mtaa huu." Beda alimtazama mama yake, halafu akatazama pembeni. "Wanasema mama awe wa kwanza. Achanjwe, aape, yaishe. Asipotaka, basi aondoke. Aende Milepa kwa mjomba."

Bibi Rozina alikuwa ameketi kwenye mkeka wake na miguu imenyooshwa mbele. Alikuwa mwanamke mdogo, mwenye meno machache na macho mekundu ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Macho hayo hayo sasa yalikuwa ushahidi wa uchawi.

"Mjomba wako ana nyumba ya chumba kimoja," alisema. "Na habari itafika Milepa kabla yangu. Itanipokea stendi."

"Basi chanjwa, mama. Ni wembe tu. Ni dakika."

"Nikichanjwa, nitakuwa nimekubali nini?"

Beda alizungusha kofia mkononi.

"Nauliza, mwanangu. Nikubali nini? Wakinipaka dawa nisipoanguka watasema dawa imenisafisha, kumbe nilikuwa mchafu. Nikianguka ndiyo kabisa. Nikikataa, naogopa dawa. Nikienda Milepa, nimekimbia. Nionyeshe mlango ulipo, nitoke."

"Ulipaswa kuuona huo mlango kabla ya kuwaambia watoto unaongea na mizimu!" Beda alipaza sauti, kisha akajutia, akakaa chini akashika kichwa. "Wenzangu kazini leo hawakutaka kula na mimi sahani moja. Wananiita mtoto wa fundi, mtoto wa mchawi. Nimekula nimesimama, mama. Kama mbwa."

Bibi Rozina alivuta miguu yake, akaikunja chini ya khanga. "Pole, baba," alisema.

Hellena alikwenda ofisi ya kata asubuhi iliyofuata. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye koti zito, na alimsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo, lambalamba ni kosa kisheria. Ndiyo, mama huyo ana haki zote. Ila angelihitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenyekiti ndiye anayewaita," Hellena alisema.

Kijana alikuna shingo. "Basi nenda polisi, mama. Wakikamatwa hata watatu wanne, watakoma."

"Hao watatu wanne ni majirani zangu. Polisi wakiondoka, mimi nitaishi na nani?"

Yule kijana alimsindikiza mpaka mlangoni.

Ni Herieth aliyeleta matumaini. Alimfuata mama yake jikoni na kitabu kifuani. "Mama, si tuwasomee? Bibi hakuona kitu chochote. Yote yametoka humu. Hadithi ni ile ile."

Hellena alikitazama kile kitabu chembamba, pembe zake zimejikunja, muhuri wa shule kwenye jalada. Alihisi kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe uko mkononi. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso. Hakukifungua. Kulikuwa na kuni za kukata, maji ya kuchota mbali zaidi ili asikutane na watu, na mahindi ya kutwanga kwa mkono kwa kuwa mkanda wa Wilibrodi bado ulikuwa umekatika.

*

Mkutano ulifanyika Ijumaa mchana uani kwa mwenyekiti Fabiani, mbele ya ghala lake jipya la bati na sakafu ya saruji. Mkeka mmoja ulitandikwa katikati kwa ajili ya Bibi Rozina. Watu walisimama mbali nao, hata walio na viti. Beda alisimama nyuma kabisa, karibu na lango, si ndani wala nje.

Fabiani alikuwa mtu mnene mwenye tabia ya kukubaliana na kila aliyezungumza mwisho. Alimpa Monika nafasi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akampa Hellena nafasi, akatikisa kichwa vilevile.

"Una maana yote yametoka kwenye kitabu?"

"Yote, mwenyekiti. Kitabu cha shule, cha watoto. Herieth atasoma, msikie wenyewe."

Herieth akasimama. Mwanzoni sauti yake ilitetemeka, halafu hadithi ikamshika mkono ikamvusha. Ilikuwa habari ya watoto wawili waliohamia kwenye jengo la ghorofa katika mji mkubwa. Juu kulikuwa na chumba kilichofungwa, na kila ikiingia magharibi walisikia cherehani ikilia humo. Watu walisogea bila kujua wanasogea. Mama mmoja alimpa mwanawe titi amnyamazishe asije akaharibu. Kitasa kilipozunguka chenyewe, Wilibrodi aligutuka akamkanyaga aliye nyuma yake. Kumbe mzimu wa mshonaji ulikuwa hauna ubaya: alifariki kabla hajamaliza gauni la binti yake, na watoto wale walipopiga mishono iliyobaki, cherehani ikanyamaza milele.

Watu walishusha pumzi. Mtu alisema, "Maskini." Hellena alikuwa ameweka mikono kifuani. Lakini alikuwa amekwisha kuelewa, na alijua hakuwa peke yake.

"Tanuru liko wapi?" Monika aliuliza.

Herieth alitazama kitabu.

"Nimesikia ghorofa. Nimesikia cherehani. Nauliza mivukuto iko ukurasa gani? Mkono mweusi uko wapi? Na Bibi Rozina kuokota kuni, kuko ukurasa gani?" Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa sauti ya mama ambaye hakulala kwa siku nyingi. "Naomba mnionyeshe. Mimi nataka huo mkono uwepo. Nataka uwe humo."

Herieth alifungua kurasa mbele na nyuma. "Bibi alihamisha tu," alisema. "Ni ile ile, aliileta tu kwetu, ili..." Machozi yakamzuia.

"Bibi Rozina," mwenyekiti alisema, "hayo ya tanuru uliyatoa wapi?"

Bibi Rozina aliinua uso. "Kichwani, baba. Ghorofa sijapata kuiona. Mtoto wa hapa utamtishaje na ngazi? Ukisimulia, sharti uwepo mwenyewe na mahali pawepo. Ndivyo tulivyosimuliwa sisi."

"Kwa hiyo ulikuwepo," mtu alisema, na mnong'ono ukazunguka uwanja.

Kitabu kilichokuja kumwokoa kilikuwa kimemfunga kamba ya pili. Hellena aliona jinsi Fabiani alivyoanza kukusanya maneno ya kufunga mkutano. Aliona Beda akitazama lango. Akamwona mama mkwe wake, peke yake kwenye mkeka ule mpana, akivuta khanga kufunika magoti, kama mtu anayejiandaa kunyolewa. Akasimama kabla hajajua atasema nini.

"Mwenyekiti, na mimi naomba niseme nilichokiona."

"Sema, mama Herieth. Ndiyo maana ya mkutano."

Hellena alitazama nyuma ya bega lake, kwenye ghala. "Juzi nilipita hapa na nyanya zangu. Upepo ulikuwa umetulia, hata jani halichezi. Nikasikia mtu anapepeta ndani ya ghala hilo. Fya. Fya. Fya. Nikasema ni Emerensiana. Lakini Emerensiana nilimwona, alikuwa anaanika nguo pale."

Emerensiana, mke wa mwenyekiti, aligeuka kutazama kamba ya nguo.

"Nikasogea. Mlango una kufuli. Nikaweka jicho kwenye ufa." Alishusha sauti kama alivyomsikia mkwe wake akiishusha jioni zote zile, na uwanja mzima ukashuka nayo. "Ndani kuna ungo. Unapepeta. Mikono haipo."

"Yesu na Maria," mtu alisema.

"Makapi yanaruka, yanashuka. Halafu ungo ukasimama, kama mtu aliyehisi anatazamwa. Makapi hayakuanguka. Yalibaki hewani, yakaanza kujikusanya. Yakawa bega. Yakawa shingo. Yakawa kichwa, na kichwa kikageuka kuelekea kwenye ufa, hakina macho, kikasema..."

Akanyamaza. Hakuwa na togwa, akameza mate.

"Kikasema nini?" Fabiani aliuliza.

"Kikasema, 'Fabiani amerudi?'"

Wanawake walipiga yowe. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alipaza sauti kutoka nyuma: "Oya, mimi nilipita hapo juzi, nikasikia kitu kama ungo kweli! Nikajua ni masikio yangu!"

"Hata mbwa wetu hapiti hapo siku hizi," mzee mmoja aliongeza.

"Fabiani," Emerensiana alisema, "si nilikwambia kuna kitu kinachakacha mle?"

"Panya, mke wangu! Nilikwambia ni panya!"

"Mama Herieth, ikawaje?" kijana wa bodaboda aliuliza.

"Sijui," Hellena alisema. "Ndiyo kwanza naitunga. Juzi sikupita hapa kabisa, nilikuwa sokoni mpaka jioni. Nimeitoa kichwani nikiwa nimesimama hapa mbele yenu, na huyu ndugu yangu tayari amesikia ungo."

Kijana alivuta kofia ikamfunika macho. Wenzake wakamcheka, kisha wakaacha.

"Sasa nauliza, mwenyekiti. Kesho lambalamba wakija, waanzie kwetu, au waanzie hapa?"

"Waanzie hapa!" mtu alipiga kelele, na haikuwa wazi kama anatania. "Wachimbe humo ndani!"

"Wachimbe, tujue moja!"

Jasho lilimtoka Fabiani katika baridi ile. Aliutazama mlango wa ghala, akawatazama watu wake, ambao alikuwa amekubaliana nao siku zote. "Ghala langu halichimbwi kwa sababu ya hadithi!" alifoka.

Maneno yalitoka, yakabaki pale, na yeye mwenyewe akayasikia.

"Wala nyumba ya mtu mwingine?" Hellena aliuliza taratibu.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. "Wala nyumba ya mtu mwingine," alisema.

*

Lambalamba walielekezwa wasikate kona ya mtaa ule. Wilibrodi alipata mkanda, akamsagia Hellena unga bila kumtazama, kisha akaongeza kikombe kimoja juu bila kusema kwa nini. Wenzake Beda walianza kula naye, ingawa waliotaka kumwita mtoto wa fundi waliendelea kumwita hivyo, wakisema ni utani.

Lakini haikuwa kama zamani. Emerensiana hakuingia tena ghalani peke yake. Watoto waliotumwa dukani walizunguka mbali na uwanja wa mwenyekiti, na Fabiani alipokutana na Hellena alipitiliza. Hellena mwenyewe alikaa macho usiku akifikiri jinsi ilivyokuwa rahisi. Alikuwa amemwokoa mtu kwa kuonyesha uongo unavyoota, na ule uongo aliouotesha haukukubali kung'oka.

Na Bibi Rozina aliacha kusimulia. Herieth akija na kitabu, alisema macho yanamuuma, kana kwamba ndiye aliyekuwa akisoma. Watoto walikatazwa kuja. Lundo la mahindi lilikaa uani, na jioni walilipukuchua wao wanne, bila maneno, punje zikilia kwenye beseni. Beda alijaribu siku moja. "Mama, tuambie hata ya sungura." Bibi alisema sungura amesafiri. Hakutoka hata kwenda kisimani. Hakufukuzwa, ni kweli, alikuwa kwake, lakini kwake palikuwa pamepungua mpaka pamekuwa mkeka.

Ndipo jioni moja, jua likiwa bado juu ya ukuta, Monika alipojitokeza kwenye uwazi wa ua akiwa amemshika Adela mkono. Alisimama hapo hapo. Hellena alinyanyuka na mikono yenye vumbi la mahindi.

"Karibu," alisema.

"Hatukai." Monika alitazama kila kitu isipokuwa mkeka. "Huyu amepona. Homa imeisha kabisa. Ila halali. Anakaa macho mpaka asubuhi, na mimi nakaa naye. Nimempeleka kanisani, ameombewa. Halali."

"Tatizo nini?" Hellena aliuliza.

Monika alimtazama binti yake. "Anasema hakusikia mwisho. Alikimbia. Sasa mkono umebaki umetoka pale, kila akifumba macho umetoka tu, hajui ulikuwa unataka nini." Sauti yake ilikuwa imeshuka karibu na mnong'ono. "Mwenzake alimwambia mwisho ni mzuri, hakuamini. Anataka kuusikia kwa bibi."

Herieth alimtazama bibi yake. Bibi Rozina aliendelea kukwaruza punje za gunzi ambalo lilikuwa limekwisha punje.

"Mimi sijui hadithi," alisema.

"Mama," Beda alianza, lakini Hellena alimgusa mkono anyamaze.

Adela alijinasua mkononi mwa mama yake, akatembea mpaka ukingoni mwa mkeka. Alipiga makofi yale ya taratibu, akiinama kama alivyofundishwa, akangoja. Bibi Rozina aliangalia viganja vile vidogo. Kisha akaweka gunzi chini, akajibu kwa viganja vyake vikavu.

"Mama yako akae kwanza," alisema. "Sisimulii mtoto wa mtu bila mama yake kuwepo. Akae hapa, karibu, asikie kila neno."

Monika alikaa, nusu kwenye mkeka, nusu kwenye vumbi. Herieth alimsogezea beseni, na kwa kuwa mikono yake haikuwa na pa kwenda, Monika akachukua hindi akaanza kupukuchua.

"Basi," Bibi Rozina alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Palikuwa na mji mmoja. Mbali sana. Hakuna mtu wa hapa aliyepata kufika. Na mtu mmoja, sijui nani, mimi sikuwepo, alipita mahali fulani akasikia sauti..."

"Siyo hivyo, Bibi," Adela alisema.

"Ndivyo ilivyo kitabuni, mwanangu."

"Ulikuwa unatoka kuokota kuni. Ilikuwa pale." Alinyoosha mkono kuelekea mwisho wa shamba, ambako kichwa cha tanuru kilionekana juu ya mabua, chekundu kwa jua la jioni.

Bibi Rozina aligeuza uso. Hakumtazama mtoto. Alimtazama Monika. Hellena pia alimtazama, na Beda, na Herieth, na uani hakukuwa na kilichosikika ila upepo ukipita kwenye mabua makavu.

Monika alikuwa ameinamia hindi lake. Punje zilikuwa zikidondoka moja moja.

"Ilikuwa pale kwenye tanuru, mama," alisema. "Msimulie ulivyouona ule mkono."